Chifu Aliyeacha Kupunga Mkono

Wiki iliyopita nilikwenda Kaaga, kule Meru, kumwona mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ambaye amepanga nyumba karibu na shule moja huko. Alikuwa amenialika chai, lakini nilipoingia sebuleni hata vikombe sikuviona. Kwenye kona, pale watu wengi huweka televisheni, palikuwa na kasha la kioo lenye taa ndani, na chini ya taa, juu ya jiwe, alikuwa amelala mjusi mnene wa rangi ya mchanga, mwenye miiba laini chini ya kidevu kama ndevu za mzee. Jicho lake moja lilikuwa wazi. La pili lilikuwa limefumba.

"Shangazi, usiogope, haumi," mpwa wangu akasema.

Sikuwa nimeogopa. Nilimuuliza jicho lile limefumba tangu lini. Akasema tangu juzi, na kwamba yeye alidhani mjusi ana usingizi. Nikamwambia aache chai kwanza, atafute daktari wa wanyama kabla jioni haijaingia. Alinicheka, kwa sababu wageni wake wote humkimbia yule mnyama, na sasa shangazi yake wa kijijini ameketi mbele ya kioo kama mtu aliyekutana na ndugu. Hakujua kwamba mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia harufu ya moshi wa kuni, ingawa yeye hupikia gesi.

Nikusimulie, rafiki yangu, maana najua una subira.

Nililelewa na nyanya yangu Timau, upande ule wa baridi wa Mlima Kenya, ambako asubuhi za Julai ukiwa umesahau maji nje kwenye karai unayakuta yamefanya ngozi ya barafu. Mashamba ya ngano yalianzia kwenye uzio wetu yakaenda mpaka macho yakachoka. Miaka hiyo mashamba ya maua yalikuwa ndiyo yanaanza, na nyumba za plastiki za kukuzia waridi zilikuwa zikiongezeka kila msimu, zikimeta upande wa chini wa barabara. Nyanya alikuwa yaya katika nyumba ya meneja wa shamba moja la namna hiyo, Mzungu mrefu mwenye haya. Binti yake alikuwa rika langu. Alijifunza kutembea akiwa ameshika sketi ya nyanya yangu, na Kiswahili chake alikipata hapohapo, Kiswahili cha nyanya, chenye Kimeru kingi ndani.

Yule msichana ndiye alikuwa na mjusi. Walikuja naye kutoka kwao Ulaya, lakini asili ya mijusi wale ni Australia, nchi ya jua kali na vichaka vikavu. Kwetu mjusi si mnyama wa kuchezea. Kinyonga akionekana uani, akina mama huwaita watoto waingie ndani. Kwa hiyo siku za mwanzo nyanya alifagia chumba cha mtoto akiwa amegeuza uso ukutani.

Kilichomgeuza ni salamu. Mijusi hawa wana tabia moja ambayo ukiiona hutaisahau: huinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole hewani, kama mtu anayekupungia kutoka ng'ambo ya bonde. Wanaowajua vizuri wanasema ni njia yao ya kusema, mimi ni mdogo, nimekuona, usinidhuru. Nyanya hakuwa na habari hizo. Alichoona ni kiumbe aliyemsalimia, na yeye hakuwa mtu wa kuacha salamu bila jibu. Akapunga. Jioni alirudi nyumbani akatueleza, huku akijicheka, kwamba amesalimiana na mjusi na mjusi ana adabu kuliko vijana wa sokoni.

Ni yeye aliyempa jina la Chifu. Alisema ana ndevu, hukaa mahali pa juu, huwapungia watu mkono polepole, na zaidi ya hapo hana kazi. Msichana alilipenda jina, likabaki.

Mwaka nilioingia darasa la tatu, meneja na familia yake walikwenda kwao kwa likizo ndefu. Siku ya kuondoka msichana alikuja kwetu kwa miguu akiwa amekumbatia katoni ya maua. Ndani, juu ya gunia, alikuwa Chifu. Mama yake alifuata nyuma na taa ya mjusi mkononi, akamweleza nyanya kwamba mnyama huyu lazima awe na joto, kila siku joto, baridi itamuua. Alirudia neno hilo huku akisugua mikono yake. Nyanya alisugua yake pia kuonyesha ameelewa. Msichana yeye alisema jambo moja tu, kwa sauti ya kuagiza, kama walivyo watoto waliolelewa na mtu anayewapenda.

"Nikirudi anipungie."

"Atakupungia," nyanya akasema. "Utakuwa uko pale barabarani, atakupungia."

Sasa, ile taa. Nyaya za stima zilipita juu ya paa letu, lakini zilikuwa zinaelekea kwenye waridi. Sisi hatukuwa na stima. Nyanya aliipangusa ile taa akaitundika kwenye msumari sebuleni, karibu na kalenda, ikawa pambo. Halafu akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa pande zetu angefanya. Akambeba Chifu akampeleka jikoni.

Labda wewe hukukulia nyumba za namna ile, kwa hiyo nikueleze. Jikoni kwetu kulikuwa jengo la peke yake, la mbao, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Halikuwa na dirisha ila tundu la ukubwa wa sahani. Katikati kulikuwa na mafiga, na moto haukuzimika mchana wala usiku, ulifukiwa tu majivu. Juu yetu, kwenye dari ya fito, mahindi ya mbegu yalining'inia meusi kwa masizi, kwa sababu moshi huzuia wadudu. Kila kitu dhaifu kilipelekwa humo. Mwanakondoo aliyezaliwa kwenye umande, vifaranga waliototolewa siku ya ukungu, ndama mwenye kuhara, na mimi kila nilipopata homa. Nimelala humo kando ya mwanakondoo, tukapumua pamoja, na asubuhi tukaamka wote wazima. Jikoni ndiko kulikokuwa hospitali yetu, na haikuwahi kutuangusha.

Kwa hiyo katoni ya Chifu iliwekwa mahali pa heshima, karibu na mafiga. Usiku nyanya aliifunika kwa sweta kuukuu. Mchana nilikuwa nawinda panzi kwenye mabua ya ngano kwa kofia yangu ya shule, na nilimletea majani ya maboga yaliyochumwa na umande wake. Alikula vizuri. Kila nyanya alipoinama kupitia mlango mfupi na sufuria ya maji, Chifu aliinua mkono. Nyanya aliweka sufuria chini, akainua wake. Githeri ya mahindi na maharage ikitokota, mvua ikigonga mabati, wawili hao wakisalimiana. Sijapata kuona nyumba yenye adabu namna ile.

Kisha ukaja msimu wa ukungu. Wanaoishi Timau wanaujua: jua huchungulia saa sita kidogo, likarudi. Panzi waliisha. Maboga yaliungua kwa baridi. Tukamlisha tulichokula sisi. Nyanya aliponda viazi na minji, akafinyanga tonge dogo kama punje ya harage, akamwekea mdomoni kwa kidole. Alimpa ugali, alimpa kiini cha yai. Chifu alikula kwa heshima, lakini kidogo.

Halafu siku moja hakupunga.

Nyanya aliingia na sufuria yake, akainua mkono, akangoja. Mjusi aliangalia mbele tu. Siku zilizofuata jicho lake la kushoto likaanza kufumba, kope zikavimba kama maharage yaliyolowekwa, na majimaji yakatiririka hadi shavuni. La kulia nalo likaanza kutona.

Tulielewa nini? Tulielewa kwamba analia. Watu waliokuja kwa shughuli zao, wakachungulia katoni, walisema hivyohivyo: amemkumbuka mwenyewe. Nyanya alikubali kabisa, maana hata yeye alikuwa amemkumbuka yule mtoto, na alipopangusa macho yake kwa leso jikoni humo hakuna aliyejua kama ni moshi au ni huzuni. Alikaa kwenye kigoda akamwambia Chifu avumilie, mvua zikiisha atarudi. Na kwa kuwa mwenye huzuni husikia baridi kuliko wengine, akaisogeza katoni karibu zaidi na moto.



Uvimbe ulipozidi, nyanya alijaribu dawa ya kwetu. Macho ya mtoto yakiwa mekundu, hutiwa matone ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa na kichanga mgongoni, basi nyanya akamwita. Jirani alifurahi kusaidia, akauliza ni mtoto wa nani. Nyanya akamwonyesha katoni.

Jirani alirudi nyuma hadi mlangoni. Akasema, "Mama, mimi nakuheshimu, lakini hii titi ni ya mtu."

"Nani amesema umnyonyeshe? Kamulia tu kwenye kifuniko."

"Na mama mkwe akisikia?"

"Atasikia kwa nani? Mjusi?"

Jirani alicheka mpaka kichanga kikaamka. Alikamua, akiwa ametupa mgongo na kuapa kwamba hajaona kitu, akaondoka na kabeji mbili za shukrani. Nyanya alidondosha maziwa kwenye macho ya Chifu kwa manyoya ya kuku. Yalifanya nini? Hayakufanya kitu. Maziwa ni chakula, si dawa, na kwenye jicho bovu hulisha vijidudu. Lakini mkono ule uliodondosha ulikuwa mkono mwema kuliko mingi niliyoijua, na nimeshindwa kuucheka.

Msaada wa kweli ulikuja kwa ajili ya ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuja kumpandikiza mbegu ng'ombe wetu, na alipokuwa akinawa mikono nyanya akamwomba aingie jikoni mara moja. Aliinama, akaingia, akakohoa. Akatoka nje na katoni, akaiweka juani, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Shosho, huyu ni nani tena?"

"Ni Chifu. Ni wa mtoto wangu, ameniachia. Analia."

Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alituambia hajawahi kusomea mnyama wa namna hii, lakini jicho ni jicho. Alimfungua Chifu kope kwa kidole gumba, taratibu, akaonyesha utando mweupe juu ya mboni. Kisha akauliza maswali. Anakaa wapi? Anakula nini? Jua analiona lini? Nyanya alijibu yote kwa fahari, mpaka alipofika kwenye jua, akasita.

"Huyu halii, shosho," daktari akasema. "Huyu moshi umemchoma. Na giza. Unajua ng'ombe akikaa kiangazi kirefu bila nyasi mbichi, jioni anagonga miti? Macho yanataka majani. Huyu naye ni hivyo. Mtoe huko ndani."

Alituachia tyubu ya dawa ya macho, akatufundisha kusafisha uchafu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kutosugua kamwe. Alisema jicho la kushoto anaogopa limechelewa. La kulia tujaribu.

Nimesoma mengi baadaye kuhusu jambo hili, na nikikueleza utaona daktari yule alikaribia sana ukweli. Mjusi huyu hahitaji joto tu. Anahitaji mwanga wenyewe, mwanga wa jua usiopita kwenye kitu, kwa sababu ngozi yake huutumia kujenga mifupa na nguvu ya mwili. Juu ya utosi ana kigamba kimoja kilicho kama jicho la tatu, lisiloona sura za watu ila huonja mwanga, likamwambia ni mchana au ni usiku. Ndani ya jikoni letu jicho hilo liliambiwa ni usiku kwa miezi. Akikosa majani mabichi na wadudu waliolishwa vizuri, kope huvimba na macho hukauka. Na vumbi, mchanga au moshi humaliza kazi. Ile taa iliyokuwa kwenye msumari sebuleni ilikuwa na vitu viwili ndani yake, joto na mwanga, na sisi tuliambiwa kimoja.

Nyanya hakukaa kulaumu mtu. Alisema maneno ambayo aliyarudia kila alipomtia dawa: "Nimeachiwa akiwa na macho, nitamrudisha akiwa na macho." Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Mjusi kufa lingekuwa jambo moja. Mtoto kusimama barabarani akapunga na asijibiwe lilikuwa jambo jingine, na yeye ndiye aliyeahidi.

Kwa kuwa alifanya kazi kwa watu wa maua, alijua namna moja ya kukipa kiumbe joto na mwanga pamoja. Aliomba kipande cha plastiki kuukuu kilichotupwa shambani, akapinda fito, akamjengea Chifu nyumba ndogo kama za waridi, upande wa jua wa nyumba yetu. Watu walikuja kuiona. Ndani kulikuwa na jiwe bapa, kibakuli cha maji, na majani ya karoti niliyopewa na mwalimu wangu kutoka bustani ya shule. Tulikuwa tunajivunia sana. Mchana palikuwa na joto hata mkono wako ulitoa jasho.

Ilinichukua miaka kujua kwamba plastiki ile hupitisha joto na nuru ya kuonea, lakini ile miale ambayo mjusi huihitaji zaidi huizuia kwa sehemu kubwa. Kioo cha dirisha nacho ni vivyo hivyo. Kama tungeikunja plastiki saa sita tu, jua likichungulia, na kumwacha aote bila kitu juu yake, pengine habari ingekuwa nyingine. Jua lilikuwa hapo, bure, juu ya plastiki nyembamba tuliyoitandaza kwa mapenzi. Nyanya alikuwa ameshafariki nilipolijua hilo. Nilishukuru hakulisikia.

Hata hivyo uvimbe ulishuka. Kushoto kope zilifunguka zikaonyesha jicho jeupe kama kokwa la limau. Kulia kulibaki na utando, na daktari alipopita tena alisogeza kidole mbele yake, huku na huku, akatikisa kichwa. Nyanya akamuuliza kama haoni kabisa. Akasema labda anaona kivuli.

Msichana alirudi mwanzoni mwa kiangazi. Gari lilisimama barabarani, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshashuka, amekuwa mrefu, meno mapya makubwa mdomoni. Alimwona Chifu juu ya jiwe lake, mlango wa plastiki ukiwa wazi. Akasimama palepale, akainua mkono, akauzungusha polepole.

Nyanya alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ndogo akiwa ameshika ncha ya leso. Mimi nilikuwa kando yake. Nakumbuka nilikuwa nasema moyoni, pandisha mkono, Chifu, pandisha, mara moja tu.

Msichana alipunga tena. Akasogea. Akapunga kwa mikono yote miwili. Kisha akamgeukia nyanya, na uso wake ulikuwa umeanza kuvunjika.

"Amenikasirikia? Amenikataa kwa sababu nilienda?"

Nyanya akaja akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Hajakukataa," akasema. "Hajakuona."

Alimshika msichana mkono, akauingiza taratibu chini ya kifua cha mjusi, na Chifu, aliposikia joto la kiganja, akapanda juu yake mwenyewe na kulaza kidevu kwenye kidole gumba. Walikaa hivyo muda mrefu. Mama wa msichana alisimama mbali. Baadaye alituambia kwamba wanahamishwa nchi nyingine, wamekuja kufunga mizigo tu, na kwamba safari ile haingefaa mjusi. Msichana mwenyewe ndiye aliyesema abaki kwa nyanya, maana harufu yake anaijua. Hakumlaumu. Nadhani ingekuwa rahisi kwa nyanya kama angemlaumu.

Chifu aliishi nasi miaka kadhaa. Mjusi kipofu anaweza kuishi vizuri, rafiki yangu, usikate tamaa ukiwa na wa namna hiyo: usihamishe vitu vyake, mguse kwanza kabla ya kumnyanyua, mlishe kwa mkono, umzoeze sauti moja. Nyanya aligonga kibakuli kwa kucha na Chifu akaja akitambaa. Lakini kila asubuhi, akipita na ndoo, mkono wa nyanya uliinuka wenyewe. Halafu ungemwona ameukumbuka, ameushusha.

Sasa nikufikishe mahali ninapopaogopa.

Tulimtoa mjusi jikoni. Daktari alisema moshi umemchoma, nasi tukamtoa siku hiyohiyo. Nyanya yeye alirudi ndani akaendelea kuchochea moto, na hakuna aliyeona ajabu, hata daktari, hata yeye mwenyewe. Macho mekundu yalikuwa ya akina mama wote wa umri wake, tuliyaona kama tunavyoona mvi. Alipoambiwa apumzike nje alicheka akauliza nani atageuza githeri.

Nilikwenda kusoma Meru, kisha nikapata kazi ya ualimu, nikawa narudi Timau mwisho wa muhula. Tulikuwa na desturi. Nikifika langoni niliinua mkono, na yeye mlangoni mwa jikoni aliinua wake, polepole, akiuzungusha kama Chifu. Ulikuwa mzaha wetu. Muhula mmoja nilifika saa za alasiri, jua likiwa limemwelekea usoni. Alikuwa amesimama palepale, na mwiko mkononi, akiangalia upande wangu moja kwa moja. Nikapunga. Akaendelea kuangalia. Nikapunga tena, nikafikiri labda ana neno na mimi, kwa sababu sikuwa nimemtembelea katikati ya muhula.

Halafu nikakumbuka. Nikaweka mfuko wangu chini.

Madaktari wa macho walikuja kanisani mwaka uliofuata, wakamtoa mtoto wa jicho upande mmoja, wakasema mwingine una kovu na hauna la kufanywa. Waliniambia uzee nao una sehemu yake, nisitafute mchawi. Lakini swali la kwanza walilomuuliza lilikuwa anapikia nini. Bomba la kutolea moshi tulilijenga mwaka ambao yeye aliacha kupika.

Jikoni lile halipo tena. Kaka yangu alilibomoa akajenga la mawe, lenye dirisha pana na gesi, na ni jambo jema, sitasema vinginevyo. Wanakondoo dhaifu sasa hawana pa kulala, na mbegu zinanunuliwa dukani. Plastiki iliisha kwa upepo. Jiwe la Chifu lipo, kuku hulalia. Taa ilibaki kwenye msumari wake mpaka nyanya alipofariki, na stima ilipokuja haikuwaka.

Mpwa wangu alirudi kutoka kwa daktari wa wanyama saa za magharibi, mjusi akiwa ndani ya kasha dogo mkononi. Jichoni ilikuwa chembe ya mchanga tu, imeoshwa, ataona vizuri. Alimrudisha mjusi kwenye jiwe lake chini ya taa, akaenda kuchemsha ile chai. Nilibaki peke yangu. Mjusi akanitazama, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili.

Akainua mkono.

Nami nikajibu, polepole, kama nilivyofundishwa.